Mavuno yamekwisha, na binti yangu anauliza yuko darasa la ngapi

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi na mume wangu katika shamba aliloliacha marehemu bavyaa upande wa Gede, si mbali na mpaka wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Nilisomea ualimu wa chekechea na nilifundisha miaka michache kabla sijazaa. Shule zilipofungwa Kenya nzima mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, mwanangu mkubwa alikuwa chekechea ya pili, nami nikaanza kumfundisha nyumbani. Zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, tulikubaliana na mume wangu asirudi. Alikuwa ameshajua kusoma, darasa alilotoka lilikuwa limefurika watoto, na njia ya kwenda shule hupita kwenye bonde ambalo wakati wa masika hujaa maji mpaka watu wazima hulizunguka. Wadogo zake nao wakafuata njia hiyo hiyo. Leo mkubwa ana miaka 11, wa pili ni msichana wa miaka 9, na kitinda mimba wangu ana miaka 6. Jioni huenda chuoni kusoma Kurani pamoja na watoto wa jirani, na asubuhi husoma nami barazani.

Kila mwaka mvua zinapoanza huwa tunapunguza masomo. Mwaka huu hatukupunguza, tuliyaacha. Mume wangu alikodi ekari mbili zaidi, na mvua ya Aprili iliposhika tukapanda mahindi ya mdzihana, mbegu yetu ya kienyeji, pamoja na kunde na pojo. Mei yote ilikuwa palizi. Mahindi yalipoanza kubeba, ngedere na nyani wakaanza kutoka msituni, basi watoto wakawa wanapokezana kukaa kwenye dungu tangu alfajiri kuamia shamba. Katikati ya hayo mkwezi alikuwa akija kuangua nazi, na kukusanya na kuhesabu ni kazi ya watoto. Binti yangu alikuwa akimsaidia mavyaa, ambaye hufuga vipepeo na kuwauzia watu wa Mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede. Agosti tukavunja mahindi, tukamenya, tukapukuchua, tukaanika na kujaza magunia. Sikuwahi kuona familia yangu ikifanya kazi kwa furaha na umoja kama msimu huu, na mavuno yalikuwa mazuri.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa, niliona na sisi turudi kwenye vitabu. Mkubwa hukaa mbele yangu kama mgeni anayesubiri kuaga. Hesabu za magunia anazifanya kichwani kabla sijamaliza kusema, lakini nikimwomba aandike insha ya Kiingereza huandika mistari mitatu na kuuliza kama baba yake ameshaondoka. Mdogo amesahau herufi alizokuwa anazijua Machi. Binti yangu ndiye aliyenikosesha usingizi. Rafiki zake wa chuoni humsimulia habari za mwalimu wao, michezo na sare mpya. Usiku mmoja aliniuliza, "Mama, mimi niko darasa la ngapi?" Nilimjibu kwamba angekuwa Gredi ya 3. Akasema, "Ningekuwa?" kisha akanyamaza.

Mume wangu ni mtu mwema na anawapenda watoto wake. Yeye anasema msimu huu wamejifunza mambo ambayo mwaka mzima wa darasani usingewafunza, na kwamba vijana waliomaliza shule anawaona wakizurura ufuoni Malindi na Watamu wakisubiri watalii. Mwenyewe aliachia darasa la saba. Mavyaa, kwa upande wake, ananiambia pembeni kwamba wajukuu zake watakuja kukosa vyeti. Na majuzi naibu wa chifu alipita akauliza kwa upole mbona watoto wetu hawaonekani shuleni.

Ninaogopa kwamba nikimpeleka binti yangu peke yake, kaka yake atabaki kuwa kibarua wa nyumbani. Nikiwapeleka wote, nahisi nitakuwa nimebomoa kitu ambacho tumekijenga kwa miaka, na mume wangu ataona nimemgeuka. Nikiendelea kama zamani, sijui tena kama mimi ni mwalimu wa watoto wangu au ni mama aliyewaweka nyumbani kwa sababu shamba linawahitaji. Nifanye nini?

Mama wa Watatu, Gede


Jibu la Mshauri

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Nikikuelewa sawasawa, unauliza kama watoto waende shule au wabaki nyumbani, lakini chini ya swali hilo yapo mengine mawili ambayo umeyagusa na kuyapita: msimu huu umewapa watoto nini na umewanyima nini, na ni jambo gani ambalo wewe na mumeo hamjaambiana. Naona ni vizuri tuanze na hilo la msimu, kwa sababu huzuni yako na fahari yako vyote vimetoka hapo.

Mumeo anasema watoto wamejifunza zaidi ya mwaka wa darasani, na wewe unaogopa kwamba wamepoteza miezi. Ningekuomba usiikubali kauli yoyote kati ya hizo kwa jumla yake. Mtoto anayejua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, na anayeweza kukadiria kwa debe kama gunia la kilo 90 limetimia, ana msingi wa hesabu za sehemu na uwiano ambao wenzake wengi huukariri bila kuuona. Binti aliyemsaidia bibi yake kulisha viwavi majani yanayowafaa, akawaona wakigeuka pupa, na akajua kwa nini pupa hao lazima wauzwe upesi kabla hawajapasuka, ameisoma sayansi ya viumbe mahali inapotendeka. Mradi huo wa Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 ili watu wanaopakana na msitu wapate riziki kutokana na msitu uliosimama, na pupa hao husafirishwa hadi nchi za mbali, kwa hiyo ndani yake mna jiografia na biashara pia kwa mwalimu anayetaka kuzitoa.

Hata hivyo, kazi haifundishi sawasawa siku zote. Mtoto anapokaa kwenye dungu mara ya kwanza hujifunza nyakati za nyani, upande wanaotokea, na namna ya kuvumilia upweke wa alfajiri. Akishayajua hayo, siku zinazofuata analinda mahindi tu. Hilo si ubaya, kwa kuwa mtoto wa mkulima kusaidia nyumbani ni malezi, ila lisihesabiwe kuwa somo. Vile vile yako mambo ambayo shamba haliyaoteshi kabisa, hata mavuno yawe mema kiasi gani: kuandika kwa mpangilio, kusoma maandishi marefu, Kiingereza, na kwa huyo mdogo, herufi zenyewe. Herufi zisipotumika hufutika upesi kwa mtoto wa miaka 6, na hurudi upesi pia zikishughulikiwa, kwa hiyo hilo lisikutie hofu kubwa.

Kabla ya kuamua lolote, ningependa ukae na kila mtoto peke yake na umpe kazi inayotokana na msimu wenyewe. Mkubwa aandike hesabu ya mavuno kama ripoti kwa baba yake: magunia mangapi, mangapi ya chakula, mangapi ya kuuza, gharama ya kukodi ekari zile mbili ilikuwa nini na imerudi au haikurudi, aiandike kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Binti aeleze maisha ya kipepeo kwa maneno na michoro. Utaona mwenyewe mahali walipo, na utakuwa na jambo la kumwonyesha mumeo badala ya hofu ambayo hawezi kuishika mkononi.

Sasa nije kwenye dhana moja iliyomo katika barua yako, nayo ni kwamba watoto watatu lazima wapate jibu moja. Wanaishi nyumba moja, lakini hawako mahali pamoja.

Binti yako hajakulalamikia kwamba unafundisha vibaya. Nionavyo mimi, anatafuta mahali ambapo jina lake limeandikwa pamoja na majina ya wenzake, na hilo ni hitaji ambalo mama, hata awe mwalimu hodari namna gani, hawezi kulitimiza peke yake. Lakini hayo ni makisio yangu. Wewe unaweza kumuuliza. Je, anataka sare, au marafiki, au mwalimu mwingine, au anataka kupumzika na palizi? Kila jibu lina njia yake. Ukienda naye kuiona shule siku ya kawaida, akaona wingi wa watoto na urefu wa njia, anaweza kurudi ametulia na kutaka jambo dogo zaidi, au anaweza kurudi amekazana. Ujue pia kwamba shule inaweza kumpima na kumweka darasa la chini kuliko umri wake, na mtoto aliyejiona hodari nyumbani huumia kwa hilo. Afadhali alisikie kutoka kwako kabla hajalisikia kwa wenzake.

Kwa mkubwa, shida ni ya wakati. Wenzake wako Gredi ya 5. Mwaka ujao watafanya tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA, na usajili wake katika Baraza la Mitihani hufanyika mapema katika mwaka, kupitia shule. Matokeo hayo hayaishii hapo. Katika utaratibu uliotumika kwa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9, KPSEA ilibeba asilimia 20, kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na tathmini ya mwisho ya Gredi ya 9 asilimia 60, na kwa jumla hiyo mtoto hupangiwa shule ya sekondari ya juu. Mtoto asiye na jina katika shule hana njia rahisi ya kukusanya alama hizo. Zipo familia zinazosomesha nyumbani kwa mitaala ya kigeni na kufanya mitihani ya kigeni, lakini ada zake ni nzito, na sidhani kama mavuno ya mahindi ya mwaka mmoja yanazibeba. Kwa hiyo ukisema umsubiri mkubwa hadi atakapotaka mwenyewe, kusubiri huko nako ni uamuzi, na ni vizuri uufanye ukijua unafunga milango gani.

Kuhusu naibu wa chifu, sitaki kukutisha wala kukuficha. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule, na asiyefanya hivyo bila sababu ya kuridhisha anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Wazazi wanaosomesha nyumbani wamewahi kwenda Mahakama Kuu kutaka wakubaliwe, na ombi lao likakataliwa. Watoto wengi wanasoma nyumbani nchini na wazazi wao hawasumbuliwi, lakini kutosumbuliwa si sawa na kuruhusiwa. Naibu wa chifu amekuja kwa upole. Ningefurahi kama wewe na mumeo mngemwendea pamoja kabla hajarudi, mkiwa na madaftari ya watoto na mpango wenu, uwe ni wa kubaki au wa kwenda.

Nimesema wewe na mumeo pamoja kwa makusudi. Umemweka katika barua hii kama mtu wa upande wa pili, na sina hakika kama ndivyo alivyo. Mtu aliyeachia darasa la saba ana kisa chake. Je, aliacha kwa kupenda, au karo ilikosekana, au baba yake alihitaji mikono shambani kama yeye anavyoihitaji leo? Kama hujawahi kumuuliza, muulize siku ambayo hamzungumzii watoto. Hofu yake ya vijana wanaozurura ufuoni ni hofu ya kweli na inastahili heshima. Wako vijana waliosoma ambao Malindi haikuwapa kazi. Ila ana haki ya kusikia pia kwamba mtoto asiye na cheti huufikia ufuo huo huo akiwa na uchaguzi mdogo zaidi. Usimtume mavyaa akusemee. Anakuunga mkono, na hilo ni jambo jema, lakini neno hili likimfikia mumeo kupitia kwa mama yake, atahisi amezungukwa.

Mnapozungumza, tazameni kalenda. Shule zetu hufunga Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka. Kupanda kwenu huangukia Aprili na kuvunja huangukia Agosti, kwa hiyo kazi mbili kubwa za shamba watoto wangeweza kushiriki hata wakiwa wanafunzi. Mnapogongana na shule hasa ni Mei hadi Julai, wakati wa palizi na wa kuamia. Basi swali ambalo mumeo anaweza kulijibu vizuri kuliko mimi ni hili: kulipa vibarua wa palizi na mlinzi wa dungu kwa miezi hiyo kungegharimu kiasi gani, na je, zile ekari mbili za kukodi zingebakiza faida baada ya malipo hayo? Ikiwa zinabakiza, mna nafasi ya kutosha. Ikiwa hazibakizi, ina maana faida ya mwaka huu imetoka kwenye mikono ya watoto, na hilo ni jambo ambalo nyote wawili mngependa kulijua, kwa sababu nyinyi ni wazazi wema na hamkulikusudia.

Mkiamua kubaki nyumbani, nadhani masika ijayo isiyakute masomo bila ulinzi. Saa mbili za asubuhi zisizoguswa na palizi, kwa kila mtoto, kila siku isipokuwa Ijumaa, zinafaa kuliko kuacha miezi na kuanza upya na watoto waliogeuka wageni mbele ya vitabu. Hatari ya njia hii umeshaiona mwaka huu: mvua ikishuka, wa kwanza kuazimwa ni mwalimu. Tena haimjibu binti yako, wala haiondoi lile la sheria.

Mkimpeleka binti peke yake, mtakuwa mmemsikiliza, lakini ulichokiogopa ni kweli kinaweza kutokea. Nyumba hugawanyika polepole, mmoja akaitwa msomi na mwingine akaitwa mkono wa baba, na kijana wa miaka 11 anaweza kuipenda sifa hiyo leo na kuijutia akiwa na 17. Njia hiyo ikichaguliwa, mkubwa anahitaji ahadi iliyo wazi zaidi, si pungufu.

Mkiwapeleka wote watatu, Januari ni wakati mwepesi kuliko sasa, kwani muhula wa tatu ni mfupi na walimu wako katika tathmini. Miezi iliyobaki ungeitumia kuwaandaa, hasa Kiingereza cha mkubwa na herufi za mdogo, na kutafuta vyeti vya kuzaliwa kama havipo. Lakini bonde bado litajaa Mei, na darasa bado litafurika, na sababu zilizowafanya mwaka 2021 mkatae hazijaondoka kwa kuwa mmebadili nia. Ulizeni wazazi wengine wa njia hiyo hufanyaje masika. Na mambo mliyoyajenga hayabomoki kwa sababu mtoto amevaa sare. Msomaji uliyemlea barazani ataingia nayo darasani, na jioni atarudi kwako.

Liko jambo moja la mwisho ambalo sikulikuta katika barua yako, nalo ni wewe mwenyewe. Umeniambia anachotaka mumeo, mavyaa, binti, kijana na hata naibu wa chifu. Hukuniambia kama unapenda bado kufundisha watoto wako, kama umechoka, au kama ungetamani kurudi kwenye kazi uliyoisomea. Elimu ya chekechea iko chini ya serikali za kaunti, na Kilifi, kama kaunti nyingine, huajiri walimu wake. Sisemi uombe kazi. Nasema tu kwamba mwalimu mwenye cheti anaweza kuwa na njia zaidi ya zile alizoziorodhesha usiku akiwa na wasiwasi, na mojawapo inaweza kuwa ya kulivuka bonde lile pamoja na watoto wake.

Zungumza na binti yako kwanza, kisha na mumeo, na mpe muda wa kupiga hesabu zake. Msalimie mavyaa. Ukipata nafasi niandikie tena, hata kama mtakuwa bado hamjaafikiana, unieleze mkubwa aliandika nini katika ile ripoti ya mavuno.